Majani ya Mbegu: Akiba ya Kwanza ya Mmea

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia mnamo mwezi wa Machi, na tena zinapokaribia mvua za vuli mnamo mwezi wa Oktoba, wakulima wa Unguja na Pemba hutoa mbegu walizozihifadhi na kuzitia ardhini. Mbegu hiyo ni chakula ambacho familia ilikubali kutokila, ili ipate kingine kilicho kingi zaidi. Inapokosa kuota, hasara huwa ya namna mbili: mbegu imepotea, na siku za mvua zimepita. Mkulima anayelazimika kupanda tena baada ya wiki mbili au tatu, mara nyingi huona mazao yake yanatoa maua wakati mvua zimekwisha.

Aghalabu lawama hutupiwa mvua, ardhi au aliyeuza mbegu. Lawama hizo pengine ni za haki. Hata hivyo, miche mingi hufa katika siku zake za mwanzo kwa sababu ya kudhurika kwa sehemu moja ya mbegu ambayo watu huiona kila siku bila ya kuitambua. Sehemu hiyo ni majani ya mbegu, ambayo wataalamu wa mimea huyaita kotiledoni. Makala haya yanaeleza majani hayo ni nini, yanafanya kazi gani mbegu inapoota, na yatunzwe vipi hadi mche utakapoweza kujitegemea.

MAJANI YA MBEGU NI NINI

Mbegu ya kunde ikilowekwa usiku kucha, asubuhi ganda lake hulainika na kumenyeka kwa urahisi. Ndani yake hutokea vipande viwili vinene vilivyolaliana kama viganja vya mikono. Vipande hivyo ndivyo majani ya mbegu. Vikitenganishwa taratibu, huonekana baina yao kijiti kidogo sana kilichojipinda. Ncha yake moja itakuwa mzizi, na ncha ya pili, yenye vijani vidogo vilivyokunjwa, itakuwa shina na majani ya kawaida. Kijiti hicho pamoja na vile vipande viwili ndicho kiinitete, yaani mmea mchanga uliolala ndani ya mbegu.

Inafaa ieleweke kuwa majani ya mbegu ni viungo vya mmea wenyewe. Yaliumbika pamoja na mzizi na shina wakati mbegu ilipokuwa bado imo katika ganda lake juu ya mmea mama, na mmea mama ndio uliyoyajaza wanga, protini na mafuta. Katika kunde, protini peke yake inakaribia robo ya uzito wa mbegu kavu. Karanga huonesha jambo hili vizuri zaidi. Anayeipasua karanga hupata nusu mbili, na kwenye ncha huona kijipua kidogo. Nusu mbili ni majani ya mbegu yaliyojaa mafuta, na kijipua ni mmea unaosubiri.

Kwa hivyo, mtu anayekula mbaazi za nazi kwa kiamshakinywa anakula, kwa sehemu kubwa, majani ya mbegu. Choroko zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za manjano zinazouzwa madukani, ni majani ya mbegu matupu yaliyoondolewa ganda. Kile kinachomshibisha mwanaadamu ndicho hicho hicho kilichowekwa kwa ajili ya kuukuza mche.

Si mimea yote iliyo na majani mawili ya mbegu. Mwaka 1682, mtaalamu wa Uingereza aitwaye John Ray alichapisha kitabu ambamo alionesha kuwa mimea inaweza kugawanywa kwa idadi ya majani hayo, na mgawanyo wake umekuwa na athari kubwa katika elimu ya mimea hadi leo. Kunde, mbaazi, choroko, karanga, maboga, matango, nyanya, mwembe na mkarafuu ina majani mawili. Mahindi, mpunga, mtama na mnazi ina jani moja tu, na jani hilo hufanya kazi yake kwa njia tofauti, kama itakavyoelezwa.

MBEGU INAVYOAMKA

Mbegu kavu iko hai, ila uhai wake umepungua mno. Inahitaji vitu vitatu ili iamke: maji, hewa na joto la kutosha. Katika visiwa vyetu joto ni la kutosha mwaka mzima. Maji na hewa ndivyo vinavyohitaji kuangaliwa.

Maji yanapoingia, mbegu hufura na ganda hupasuka. Ndani ya majani ya mbegu huanza kufanya kazi vimeng'enya, navyo huuvunja wanga kuwa sukari, na protini kuwa vipande vidogo vinavyoweza kuyeyuka katika maji. Chakula hicho kilichoyeyushwa husafiri hadi kwenye ncha ya mzizi na ncha ya shina. Mzizi ndio hutoka kwanza, kwani bila ya mzizi mche hauwezi kunywa wala kujishikiza. Muda wote huo mche haujapata hata chembe ya chakula kutokana na jua. Kila kinachojengwa kinajengwa kwa akiba.

Kazi hii ya kuyeyusha chakula inahitaji hewa, kwa vile mbegu inayoota hupumua kwa nguvu. Ndiyo maana kunde au mahindi yaliyopandwa katika udongo wa mfinyanzi uliotuama maji huoza badala ya kuota. Mpunga ni wa pekee katika jambo hili, kwani mbegu yake huweza kuanza kuota hata ikiwa chini ya maji.

NJIA MBILI ZA KUTOKA ARDHINI

Mimea yenye majani mawili ya mbegu hutofautiana katika namna inavyotoka ardhini, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mkulima.

Katika njia ya kwanza, sehemu ya shina iliyo chini ya majani ya mbegu hurefuka na kujipinda mithili ya ndoana. Mgongo wa ndoana hiyo ndio unaoupasua udongo, na nyuma yake majani ya mbegu huvutwa juu yakiwa yameelekea chini. Kwa tadbiri hiyo ncha laini ya mmea haikwaruzwi na mchanga wala mawe. Baada ya kuona mwanga, ndoana hunyooka na majani ya mbegu hufunguka. Hivi ndivyo ziotavyo kunde, choroko, maboga, matango na nyanya. Majani ya mbegu ya kunde hutoa akiba yake, husinyaa na kuanguka baada ya siku chache. Yale ya boga na tango hutanuka, hugeuka kijani na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua kama majani mengine, mpaka majani ya kawaida yatakapokuwa mengi.

Katika njia ya pili, majani ya mbegu hubaki chini ya ardhi na kinachopanda juu ni shina jipya tu. Hivi ndivyo ziotavyo mbaazi na njegere. Karanga iko baina ya njia hizo mbili, kwani majani yake ya mbegu husogea hadi karibu na uso wa ardhi.

Faida na madhara ya kila njia ni dhahiri. Mbaazi iliyokatwa na mdudu juu ya ardhi huweza kuchipua tena, kwa sababu akiba na macho ya kuchipulia yamebaki chini. Kunde iliyokatwa chini ya majani yake ya mbegu haina tena jicho la kuchipulia, na hufa. Ikikatwa juu ya majani hayo, huweza kutoa chipukizi jipya kwenye kwapa zake. Tofauti ya urefu wa kidole kimoja huamua kama mche utaishi au utakufa.

MAHINDI, MPUNGA NA NAZI

Punje ya hindi ina sehemu nyeupe ya umbo la yai upande mmoja karibu na ncha yake. Hicho ni kiinitete. Sehemu kubwa ya punje iliyobaki ni ghala la wanga lililo nje ya kiinitete. Jani moja la mbegu la hindi ni bamba dogo lililobanana na ghala hilo. Halitoki nje kamwe. Kazi yake ni kutoa vimeng'enya vya kuyeyushia wanga, kuunyonya, na kuupeleka kwa mche. Kinachotokeza juu ya ardhi kwanza ni ala yenye ncha kali, na ndani yake majani ya kawaida yamefungwa salama. Mpunga na mtama huota kwa namna hiyo hiyo.

Kwa muda wa wiki mbili hivi mche wa muhindi huendelea kushikamana na punje yake. Ndege wanalijua jambo hili. Kunguru, ndege aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na ambaye leo ameenea kote, huung'oa mche mchanga ili aipate punje iliyo chini, na huuacha mche wenyewe ukikauka juu ya ardhi.

Mfano mkubwa kuliko yote uko katika nazi. Kiinitete cha mnazi ni kidogo kama tembe, nacho hukaa chini ya jicho lile laini miongoni mwa macho matatu ya kifuu. Nazi inapoanza kuota, sehemu moja ya jani lake la mbegu hukua kuelekea ndani na kuujaza uwazi wote uliokuwa na maji. Jani hilo ndilo joya, ile sufisufi nyeupe na tamu ambayo watoto huipenda. Utamu wake unatokana na sukari iliyonyonywa. Joya hufyonza maji ya nazi, kisha hufyonza nyama yake kidogo kidogo, na kuupelekea mche chakula kwa miezi mingi, hata baada ya majani ya mnazi kuonekana nje.

Funzo kwa mwenye kupanda minazi ni jepesi. Mche uhamishwe pamoja na nazi yake, wala nazi isipasuliwe au kung'olewa kwa dhana kuwa kazi yake imekwisha. Aidha, mche usibebwe kwa kushikwa majani huku nazi inaning'inia, maana shingo inayouunganisha mche na joya ni laini na huvunjika upesi.

MKARAFUU NA HESHIMA YA WAKATI

Karafuu inayouzwa ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Kwa hivyo mkarafuu uliochumwa wote hautoi mbegu. Anayetaka miche ni lazima ateue mikarafuu mizuri na kuacha baadhi ya matumba yafunguke, yawe matunda, na yaive mtini hadi yageuke rangi ya zambarau iliyokoza.

Ndani ya tunda hilo mna mbegu ambayo takriban yote ni majani mawili ya mbegu, manene na yenye unyevu. Hapa ndipo mbegu ya mkarafuu inapohitilafiana na kunde. Kunde hukaushwa na kuwekwa kwa msimu mmoja au zaidi, na majani yake ya mbegu hubaki hai. Majani ya mbegu ya mkarafuu hayavumilii kukauka, yakikauka hufa. Mbegu hiyo inapasa kuondolewa nyama ya tunda na kupandwa kitaluni ndani ya siku chache baada ya kuchumwa, katika udongo wenye unyevu na chini ya kivuli. Haifai kuanikwa juani, na haifai kuwekwa kabatini kusubiri msimu. Mbegu za embe na za kakao nazo ni za namna hiyo.

Jambo hili lina uzito wake katika historia ya visiwa hivi. Tufani ya mwezi wa Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na baada yake Pemba ikawa ndiyo tegemeo kuu la zao hilo. Kila shamba lililopandwa upya tangu hapo limeanza na mbegu mbichi iliyopandwa kwa wakati wake. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kutoa mavuno ya kwanza ya maana. Wiki moja ya kuchelewesha mbegu huweza kuwa mwaka mzima wa kuchelewesha shamba.

YA KUZINGATIA SHAMBANI

Kutokana na maelezo hayo, wakulima, pamoja na watumishi wa Serikali ambao wengi wao wana vishamba na bustani majumbani, wanashauriwa kuyazingatia mambo yafuatayo:

1. Kina cha kupandia. Akiba ya mbegu ndiyo inayopima umbali wa safari yake kutoka chini hadi juu. Kunde na choroko zipandwe kina cha sentimita 3 hadi 5, na mahindi kiasi cha sentimita 5. Mbegu ndogo kama za mchicha na nyanya zifunikwe kwa udongo mwembamba tu, kwani akiba yake ni ndogo mno. Mbegu iliyozikwa chini sana humaliza chakula chake gizani kabla ya kuuona mwanga.

2. Udongo wa juu. Udongo ulioshindiliwa na mvua kubwa kisha ukakauka hufanya gamba gumu. Kunde inayojaribu kuyavuta juu majani yake mawili hukatika shingo hapo. Gamba hilo livunjwe kwa wepesi, bila ya kuchimba, siku mche unapotarajiwa kutoka.

3. Kuchagua mbegu. Kunde zilizobunguliwa zina tundu kwa sababu fukusi amekula ndani ya majani ya mbegu. Baadhi yake huota, lakini mche wake huwa dhaifu kwa vile akiba imeliwa. Zitengwe, zisipandwe. Vile vile mbegu za kunde na karanga zisipigwe kwa nguvu wakati wa kupura au kumenya, maana majani ya mbegu yakiachana na kijiti chake, mbegu hiyo haifai tena kupandwa.

4. Kuhifadhi. Mbegu za kunde zikaushwe vizuri, kisha zijazwe hadi juu katika chombo chenye kifuniko kisichopitisha hewa. Hewa ikiisha ndani ya chombo, fukusi hufa. Majivu makavu yaliyochekechwa, yakichanganywa na kunde kwa kiasi kinachokaribiana nazo, nayo humzuia mdudu huyo.

5. Kupima kabla ya kupanda. Mbegu 100 ziwekwe katika kitambaa kibichi na kitambaa kisiachwe kikauke. Baada ya siku 5 hadi 7 zihesabiwe zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, mbegu hiyo ni nzuri. Zikiwa karibu na 50, mkulima aongeze mbegu kwa kila shimo au atafute nyingine mapema, kabla ya mvua.

6. Ulinzi wa wiki mbili za mwanzo. Kuku, kunguru, konokono na panzi huyafuata majani ya mbegu kwa sababu yana chakula. Vitalu vizungushiwe makuti au wavu, na kuku wafungiwe katika siku hizo.

7. Kupalilia kwa uangalifu. Majani ya mbegu hayafanani na majani ya kawaida ya mmea huo huo. Yale ya boga ni laini na ya mviringo, hali majani yake ya kawaida yana vinyweleo na kingo zilizokatika. Apaliliaye asiuone mche wa boga akaung'oa kwa kudhani ni gugu.

8. Kuhamisha miche. Nyanya na bilingani zisihamishwe zikiwa na majani ya mbegu peke yake. Zisubiriwe mpaka ziwe na majani ya kawaida 3 au 4. Majani ya mbegu yakigeuka manjano baada ya hapo, hiyo ni kawaida, kwani yamemaliza kazi. Yakigeuka manjano kabla ya majani ya kawaida kutoka, hiyo ni dalili ya maji mengi, maradhi au udongo mbaya.

JARIBIO KWA SKULI

Walimu wanaweza kuwaonesha wanafunzi jambo hili bila ya gharama. Kunde zipandwe katika makopo matatu yaliyotobolewa chini. Miche ikishatoka, ya kopo la kwanza iachwe kama ilivyo, ya kopo la pili iondolewe jani moja la mbegu, na ya kopo la tatu iondolewe yote mawili. Makopo yote yapewe maji sawa na mwanga sawa. Katika muda wa wiki moja au mbili wanafunzi watapima urefu wa miche kwa rula na kujionea wenyewe tofauti. Mche ulionyang'anywa akiba yake hudumaa, na pengine hufa, ijapokuwa maji na jua haukunyimwa.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Kwa mbegu, msemo huo ni wa kweli kwa sharti la kutunzwa. Akiba iliyomo ndani ya mbegu huoza kwa maji yaliyotuama, huliwa na fukusi, hukaushwa na jua, na humalizika gizani ikizikwa chini sana. Ikisalimika kwa siku zile chache za mwanzo, mche hupata mizizi na majani yake, na mkulima hupata mavuno yake kwa wakati.

Wananchi wanaohitaji maelezo zaidi juu ya mbegu na vitalu wanaombwa kuwaona mabwana shamba na mabibi shamba wa maeneo yao mapema, kabla ya mvua kuanza kunyesha.